Itigi: Barabara ya vumbi, shokapu mbili na mama mjamzito

Kutoka Manyoni hadi Itigi siku hizi ni lami. Basi linateleza, watoto wanalala mapajani mwa mama zao, na anayeendelea hadi Tabora anaweza kupita mji huu akichungulia dirishani tu. Zamani haikuwa hivyo. Wazee wa hapa walitegemea Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Itigi ni mji wa reli: stesheni, maduka, magunia ya mkaa, ndoo za asali, na watu wanaosubiri usafiri.

Mambo hubadilika ukigeuza uso kuelekea kusini. Huko ndiko inakoshuka barabara ya Mkiwa, Itigi, Rungwa hadi Makongolosi wilayani Chunya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400. Lami imekuwa ikijengwa kwa vipande, lakini sehemu ndefu ni vumbi na mchanga wakati wa kiangazi, na tope kuanzia mvua za Desemba. Pande zote mbili za njia kuna vichaka vya Itigi. Ni msitu mfupi uliosongamana kiasi kwamba mtu mzima hawezi kupenya bila panga. Wataalamu wa mimea wanaufahamu vizuri kwa sababu aina hii ya uoto inapatikana hapa na kaskazini mwa Zambia tu. Nyuki wanaupenda, na asali yake inauzwa mbali.

Nilikwenda Itigi kuandika kuhusu afya ya mama na mtoto. Mji una Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, ya Wamisionari wa Damu Azizi, ambayo hupokea wagonjwa kutoka vijiji vya mbali. Lakini kila niliyemuuliza habari za uzazi alinijibu kwa habari za gari. Mwanamke mmoja muuza maandazi aliniambia, "Dada, hapa hatuulizi daktari yupo? Tunaulizia gari la nani ni zima."

Ndiyo maana asubuhi ya pili nikawa gereji.

Gereji yenyewe ni mwembe mmoja, matairi mawili yaliyofukiwa nusu ardhini, na turubai lililotandikwa chini. Juu ya magogo lilikuwa Toyota Prado la zamani, magurudumu ya mbele yakiwa yameng'olewa. Mwenye gari ni mkulima wa kijiji kilichoko upande wa Rungwa. Kijijini kwao hilo ndilo gari la harusi, la msiba na la wagonjwa. Mke wake alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, ujauzito ukikaribia miezi minane. Ni mtoto wao wa tatu, na wa pili alizaliwa kwa upasuaji.

Jambo hilo la mwisho lina uzito. Mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji ana kovu kwenye mfuko wa uzazi, na uchungu ukija kovu linaweza kuachia. Haitokei kwa wengi, lakini ikitokea muda unahesabiwa kwa dakika. Kwa hiyo anatakiwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, si nyumbani wala zahanati.

Fundi aliwaita wote wawili waangalie. Shokapu za mbele zilikuwa zimelowa oili, vumbi limegandia juu yake kama unga wa ugali kwenye mwiko. "Shemeji, hizi zimekufa," akamwambia mama. "Gari linatembea kwa springi tupu."

Wasiofahamu magari waniruhusu nieleze kidogo, kwa sababu mzazi anayelipia kitu afadhali ajue anachonunua. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kumeza shimo. Lakini springi ikishabonyea hurudi, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Kazi ya shokapu ni kuituliza. Ndani yake kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na msuguano huo hugeuza mtikisiko kuwa joto. Shokapu ikifa, tairi hurukaruka barabarani. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani.

Dereva mzoefu akiona hivyo hupunguza mwendo. Safari ya saa nne inakuwa ya saa saba. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa pili, kwa Itigi, unakaa chini ya gari.

Baba alikuwa na bahasha. Fedha zilizokuwamo ni za alizeti, na zilikuwa na kazi mbili: gari na mtoto. Alikuwa amepigiwa simu na muuzaji mmoja wa spea aliyempa bei ya shokapu zote nne kwa fedha ambazo muuzaji mwingine alitaka kwa mbili tu. "Baba watoto, si tuchukue hizo nne?" mama akauliza. Swali zuri, na familia nyingi huliuliza.

Fundi hakukataa. Aliinuka akaleta shokapu kuukuu kutoka kwenye lundo la vyuma. Iliwahi kufungwa kwenye gari la mteja mwingine, boksi lake likiwa na jina la kampuni kubwa ya Japani. Ilidumu msimu mmoja wa kilimo. Akatuonyesha: mwilini haina namba iliyogongwa, ile ya karatasi ilibanduka, na sehemu zilizochomelewa ni za mabonge. Ilikuwa feki.

Kisha akapiga hesabu kwa kijiti mchangani, na mimi naiandika hapa kwa namba za mfano tu, si bei ya soko. Tuseme shokapu duni ni Sh60,000 na hudumu miezi minne, na shokapu nzuri ni Sh180,000 na hudumu miaka miwili. Ufundi wa kufunga ni Sh15,000 kila mara. Kwa miaka miwili utanunua ile duni mara sita: Sh360,000, na ufundi Sh90,000, jumla Sh450,000. Ile nzuri ni Sh195,000, ufundi ukiwamo. Na hapo hatujahesabu tairi zinazolika kwa mabaka kwa sababu ya kurukaruka. Weka bei halisi ulizopewa wewe, hesabu ni ileile.

Namna ya kuuliza bei nayo ina utaratibu wake. Kwanza, jua gari lako limefungwaje. Kwenye Prado hilo, shokapu ya mbele imevaa springi juu yake, na kuitenganisha kunahitaji kifaa maalumu cha kubana springi. Ikifyatuka inaweza kuua. Nyuma, shokapu na springi zimekaa mbalimbali, kwa hiyo kazi ni nyepesi na ufundi ni nafuu. Magari kama RAV4 yana shokapu ya mbele ambayo pia ni mhimili wa gurudumu, hivyo ukibadilisha ni lazima upime mwelekeo wa magurudumu baadaye. Land Cruiser lile refu la wagonjwa, maarufu kwa jina la hardtop, nyuma lina springi za vyuma bapa vilivyopangana, na shokapu zake zimesimama peke yake.

Pili, mtajie muuzaji namba ya chesisi, si jina la gari peke yake. Prado ziko za vizazi vingi na shokapu zake haziingiliani. Tatu, uliza bei yote kwa pamoja: shokapu, bushi na raba za juu, nauli ya basi, ufundi, na kupima magurudumu. Nne, dai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa, kwa sababu bila risiti huna pa kuanzia kulalamika. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Spea nyingi za Itigi hutoka Dodoma au Gerezani, Kariakoo, na mzigo ukishapanda basi kuurudisha ni kazi.

Majina yaliyozoeleka ni KYB ya Japani, Monroe yenye asili ya Marekani, na kwa wenye uwezo, Old Man Emu ya Australia au Bilstein ya Ujerumani. Zipo za oili tupu na zipo za oili na gesi ya naitrojeni. Hizo za gesi huchelewa kuchoka kwenye barabara ya mawimbi, kwa sababu gesi huzuia oili iliyopata joto isitoe povu. Ila fundi alionya jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: ngumu si sawa na imara. Shokapu na springi za kubebea mzigo mzito, zikifungwa kwenye gari linalobeba watu wanne, hurusha abiria. Mgonjwa aliyevunjika paja, au mama aliyetoka kupasuliwa, atalipia kila shimo. Tafiti za miaka mingi kwa madereva wa magari makubwa zimehusisha mtikisiko wa mwili mzima na maumivu ya mgongo wa chini.

Mtumba je? Baba aliuliza hilo pia. Springi ya mtumba unaweza kuikagua kwa macho, lakini shokapu imeficha uzee wake ndani. Ukilazimika, ibonyeze kwa mikono: iwe nzito mwanzo hadi mwisho, bila sehemu inayoachia ghafla, na mhimili wake uwe unang'aa bila mikwaruzo wala unyevu wa oili. Ya gesi inatakiwa irudi yenyewe taratibu.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji fundi. Ukitoka kwenye kipande kirefu cha barabara mbovu, simamisha gari, sogeza mkono karibu na kila shokapu bila kuikamata. Inayofanya kazi itakuwa ya moto. Iliyobaki baridi wakati wenzake wamechemka, hiyo haifanyi kitu.

Uamuzi wao ulikuwa huu. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma, kwa sababu mpya ikikaa na mfu gari huvuta upande. Za mbele zilikuwa zimekufa. Za nyuma zilikuwa zimechoka lakini kavu. Wakaagiza mbili nzuri za mbele, wakabadilisha bushi za nyuma, na za nyuma zenyewe zikasubiri mavuno yajayo. Bahasha ikabaki na kitu. Mama aliipokea, akahesabu mwenyewe, akaifunga kwenye khanga.

Kisha akasema jambo ambalo fundi na mumewe hawakulitegemea. Yeye harudi kijijini. Ana shangazi hapa Itigi, karibu na reli, na atakaa huko hadi ajifungue. Mumewe akanyamaza. Watoto wawili nani atawapikia? Kuku je? Mama akajibu kwa upole kwamba dada yake mdogo yupo, na kuku hawajawahi kufa kwa kukosa mama mwenye nyumba wiki sita.

Kama mwandishi wa afya, nasimama na yeye. Shokapu mpya hufupisha safari, lakini hazizibi mto uliojaa Januari wala hazileti dereva usiku wa manane. Mama mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, aliyewahi kutokwa damu nyingi au mwenye shinikizo la damu, akikaa mbali na hospitali, asogee mapema. Wiki ya 36 si mapema mno. Muulizeni muuguzi wa kliniki kama kuna nyumba ya kusubiria, na fedha za chakula cha muda huo ziingizwe kwenye bajeti ya uzazi kama nguo za mtoto.

Dharura ikitokea kabla ya hapo, piga 115 bila malipo. Ni mfumo wa m-mama, unaotafutia mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga gari la wagonjwa, au dereva wa jamii pale ambapo gari la wagonjwa haliko karibu. Garini, mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ule wa juu upite katikati ya matiti. Tumbo kubwa si sababu ya kuuacha. Mtoto mdogo asikae kiti cha mbele mapajani. Breki ikikamatwa ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia.

Niliondoka Itigi kabla basi lenye shokapu halijafika. Prado lilikuwa bado juu ya magogo, fundi akisafisha nati kwa mafuta ya taa. Baba alikuwa amekwenda kununua godoro la kupeleka kwa shangazi.