Siku ya Mbio za Nyika Mombasa

Wengi wenu mna watoto wapendao kukimbia, na baadhi yenu ni walimu ambao huwapanga watoto hao katika mashindano ya shule. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia habari za siku moja tuliyoiona kwa macho yetu wenyewe, tarehe 24 Machi 2007, yalipofanyika Mombasa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Miaka mingi imepita tangu siku ile, walakini mafundisho yake hayajachakaa.

Kwanza tueleze mbio zenyewe. Hizi si kama mbio za uwanjani, ambako njia ni sawasawa. Mbio za nyika hukimbiwa juu ya majani, na matope, na vilima. Wote huondoka pamoja, kisha nafasi za watu wa kila taifa hujumlishwa, na taifa lenye jumla iliyo ndogo ndilo lishindalo. Mashindano ya dunia yalianza mwaka 1973 katika mji wa Waregem, nchi ya Ubelgiji. Toka mwaka 1986 hata 2003 wanaume wa Kenya walishinda kwa taifa mara 18 mfululizo. Tena wawili wao, John Ngugi na Paul Tergat, kila mmoja alishinda mbio ndefu mara 5.

Baadaye akatokea kijana wa Ethiopia, jina lake Kenenisa Bekele. Tangu 2002 mpaka 2006 alishinda mbio ndefu kila mwaka, akawa sawa na Ngugi na Tergat. Na katika miaka iyo hiyo alishinda na zile fupi pia. Kama angalishinda Mombasa, angaliwapita wote wawili, tena katika nchi yao. Hapo mtafahamu kwa nini watu walijaa siku ile, na kwa nini mioyo yao ilikuwa ya moto.

Sisi tulitoka Voi kwa basi usiku, pamoja na mwalimu mzee mwenzetu na vijana wanne wa shule. Mahali pa mbio palikuwa uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, si mbali na kivuko cha Likoni. Joto la kaskazi lilikuwa halijaisha, na hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Nguo zetu zililowa jasho hali tumesimama tu. Je, wale waliokuja kukimbia?

Wasichana walitangulia kwa kilomita 6, akashinda Linet Masai wa Kenya. Wakafuata wavulana kwa kilomita 8, akashinda Asbel Kiprop, naye wa Kenya. Katika mbio za wanawake, kilomita 8, alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekimbia kwa jina la Uholanzi, akamwacha nyuma Tirunesh Dibaba wa Ethiopia. Kila mbio zilipokwisha tuliona watu wakianguka chini na kumwagiwa maji.

Hata ilipofika zamu ya wanaume, kilomita 12, jua lilikuwa limeanza kushuka, lakini joto halikushuka nalo. Wakaondoka kama kundi la nyuki. Kidogo kidogo kundi likapunguka, na wengine wakatoka njiani wasiweze kuendelea. Mwisho walibaki mbele wawili, Bekele na Zersenay Tadese wa Eritrea, mtu ambaye zamani alikuwa mshindani wa baiskeli. Katika mzunguko wa mwisho Tadese alikwenda zake, naye Bekele akalegea. Miguu ile iliyokuwa myepesi ikawa mizito kama ya mtu atembeaye mchangani. Kisha akasimama, akatoka, asimalize. Tadese alishinda, akifuatwa na Wakenya Moses Mosop na Bernard Kipyego, na Kenya ikashinda kwa taifa.

Alipolegea Bekele, palikuwa na watu waliopiga vifijo. Mmoja karibu yetu alisema, “Aliye juu, mngoje chini!” Watu wakacheka, na vijana wetu wakacheka nao. Mwalimu mzee hakucheka. Alimtazama yule mtu aliyesimama peke yake katika majani, akanyamaza.

Usiku tulipokuwa tukirudi, mmoja wa wale vijana, ambaye ndiye mwenye mbio kuliko wote shuleni, akamwuliza, “Mwalimu, mwanamume husimama njiani? Si afadhali aanguke achukuliwe?” Wenziwe wakamwunga mkono. Mzee akajibu, “Mwanangu, afaye njiani hana mbio za kesho. Yule alimsikiliza mwili wake. Wewe ungemsikiliza nani, mwili wako au sisi tupigao kelele?” Kijana hakujibu. Swali lile lilikuwa la haki, kwa maana juma la pili lake alikuwa na mashindano yake mwenyewe, nasi tulijua ya kuwa yamepangwa saa nane mchana.

Maana jambo lenyewe ni hili. Mtu akimbiapo, mwili wake hufanya joto jingi, na jasho likikauka juu ya ngozi huliondoa joto hilo. Walakini hewa ikijaa unyevu, jasho halikauki. Hudondoka bure, na moto hubaki ndani. Damu itakiwayo na miguu huitwa na ngozi pia, nayo haitoshi kote. Ndipo kichwa huzunguka na akili hupotea, na mtu akijilazimisha aweza kufa. Nguvu za milimani hazimwokoi, wala sifa za jana.

Tuliporudi, sisi na mwalimu mzee tulikwenda kwa waandalizi tukaomba saa ibadilishwe. Wengine walinung’unika kwamba tunawadekeza watoto, lakini mwisho mbio zilihamishwa mpaka asubuhi na mapema. Kijana wetu alikuwa wa tatu, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Mwaka wa pili, 2008, mashindano ya dunia yalifanyika Edinburgh, nchi ya Scotland. Bekele alikuja. Mbio zilipoanza kiatu chake kilikanyagwa kikamtoka, akabaki nyuma kukivaa; hata hivyo aliwafuata wenziwe, akawapita, akapata ushindi wake wa 6. Wazee husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi, ninyi wazazi na walimu, kaskazi ikija wakimbizeni watoto alfajiri, si mchana. Wekeni maji njiani na kivuli mwisho wa njia. Mtoto akisema kichwa chamzunguka, mwacheni asimame, wala msiruhusu mtu amcheke; maana mtoto achekwaye leo kwa kusimama, kesho hatasimama hata impasapo.