Alama Nyeusi Wayoni



Mzee wetu, Allah amrehemu, alikaa na alama nyeusi wayoni miaka miwili. Tuliiona akitawadha, tukasema ni jeraha la mwiba. Kumbe ni melanoma, saratani ya ngozi, ambayo kwetu watu weusi hupenda kujificha nyayoni na chini ya kucha.

Leo watafiti wanaijaribu shaba-64, shaba yenye mionzi. Huunganishwa na molekuli inayoitafuta saratani, hudungwa mshipani, kisha mashine huonyesha ilikoenea. Nusu ya mionzi huisha kwa saa 12.7 hivi, hivyo picha yaweza kupigwa hata kesho yake.

Lakini alama ya kwanza haihitaji mashine. Tuitazameni tunapoosha miguu, na tuwahi hospitali.