Farasi Aliyewapeleka Misa

Katika inchi yetu watoto wengi humjua farasi kwa njia ya picha tu: yule wa Mtakatifu Martino akatapo joho lake kwa ajili ya maskini, yule wa Mtakatifu Jorji amkanyagaye joka, na yule wa Saulo njiani kwenda Damasko. Huyo wa tatu hamtamwona katika Matendo ya Mitume, hata mkisoma mara kumi. Ni wachoraji waliomwongeza, kwa kuwa hawakupenda mtu mkubwa namna ile aanguke akienda kwa miguu. Sababu ya kutowajua farasi si umaskini peke yake. Mbung'o huwatia ugonjwa wa nagana, na katika pande nyingi za Kongo farasi hawezi kudumu. Kwa hiyo sisi tulikuwa tumekwisha kuvuka miaka thelathini tulipomgusa farasi shingoni mara ya kwanza, na jambo hilo lilitupata katika inchi ya Ayalandi.

Tulikwenda huko mwezi wa Agosti 2018 kwa ajili ya Mkutano wa Ulimwengu wa Familia, uliofanyika katika mji mkuu, Dublin. Jina la Ayalandi si geni kwetu. Wazee wa Goma na wa Katanga wawakumbuka askari wake waliokuja mwaka 1960 pamoja na majeshi ya Umoja wa Mataifa, na ya kuwa tisa kati yao walipoteza maisha yao huko Niemba mwezi wa Novemba wa mwaka ule. Tena tulikuwa na mwenyeji: Padri mmoja mzee, mzaliwa wa wilaya ya Clare, aliyefundisha kwetu miaka mingi na ambaye Kiswahili chake bado kina ladha ya Kivu.

Mikutano yetu ilifanyika mahali paitwapo Ballsbridge, katika viwanja vya chama cha Royal Dublin Society. Katikati mna uwanja mpana wa majani, uliozungukwa na viti vya watu maelfu. Tulisikiliza hotuba juu ya ndoa na malezi ya watoto. Lakini wakati wa mapumziko tuliona mabanda marefu yenye milango iliyokatwa nusu kwa nusu, tukauliza ni nyumba za nani. Padri akacheka. «Mwalimu,» akasema, «ninyi mmekuja baada ya wenye nyumba kuondoka. Juma mbili zilizopita hapa palikuwa pa farasi.»

Ndipo alipotueleza. Maonyesho ya farasi ya Dublin yalipata mashindano yake ya kwanza ya kuruka mwaka 1868. Hayakuanza kama mchezo wa kustarehesha watu tu. Mashamba ya Ayalandi yamegawanyika kwa kuta za mawe, mahandaki na maboma ya udongo, na mtu awindaye mbweha juu ya farasi hana budi kuvivuka vyote. Mnunuzi alitaka kujua kabla ya kutoa fedha: je, farasi huyu aruka au haruki? Basi waliweka ukuta wa mawe mbele yake, wakatazama. Mwaka 1881 maonyesho yalihamia Ballsbridge, na huko yako hata leo.

Mwaka 1926 ulitokea mshindano mwingine mkubwa zaidi, wa timu za mataifa, na kikombe chake kilitolewa na Aga Khan wa tatu, kiongozi wa Waismaili. Ni yule yule aliyepimwa kwa almasi huko Dar es Salaam mwaka 1946, jambo ambalo wazee wa maziwa yetu hulisimulia hata leo. Mwaka wa kwanza washindi walikuwa Waswisi. Lakini inchi ya Ayalandi, iliyokuwa imepata kujitawala mwaka 1922 tu, ilifanya shauri la ajabu kidogo kwa serikali maskini: mwaka ule ule wa 1926 jeshi lake lilianzisha shule ya kupanda farasi. Kazi yake haikuwa vita. Ilikuwa kuchukua farasi waliozaliwa Ayalandi, kuwapa majina ya lugha ya kienyeji, na kuwapeleka kushindana ugenini, ili kila akishinda mmoja wao watu waulize: huyu alizaliwa wapi? Mwalimu wao kutoka mwaka 1928 alikuwa Mrusi, Kanali Paul Rodzianko, aliyekimbia mapinduzi ya kwao. Toka mwaka 1935 hata 1937 maofisa wale walishinda kikombe cha Aga Khan mara tatu mfululizo. Shule hiyo ingali ipo, katika kambi ya McKee, karibu na bustani kubwa ya Phoenix Park. Jumapili tarehe 26 Agosti marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alisoma Misa katika bustani hiyo. Tulipotoka tukipigwa na upepo, Padri alituonyesha ilipo kambi. Wenzetu walitafuta chai. Sisi tulisimama kidogo kutazama upande ule.

Kesho yake tulivuka inchi kwa gari toka mashariki hata magharibi, kwenda kwa mpwa wa Padri. Mwaka ule jua lilikuwa limewaadhibu. Inchi ile yasifiwa kwa rangi yake ya kijani, lakini tangu mwezi wa Juni mvua zilipungua hata malisho yakageuka rangi ya simba, na wakulima waliwapa wanyama majani makavu yaliyowekwa kwa ajili ya baridi. Kumbukeni jambo hili, maana litarudi.

Mpwa yule ana ng'ombe wachache na farasi jike mmoja. Jike huyo ni mweupe wenye madoa ya kijivu, kifua kipana, miguu mifupi yenye nguvu, kwato kubwa, na jicho la upole. Tulipomkaribia alitupumulia mkononi. Tulikuwa na hofu, twakiri. Yeye hakuwa nayo.

Ni wa ukoo uitwao Irish Draught, yaani mkokotaji wa Ayalandi, nasi tutamwita Mkokotaji. Msidhani ni mnyama mzito sana kama wale farasi wakubwa wa Ubelgiji. Mkulima wa Ayalandi alikuwa na shamba dogo na fedha chache. Hakuweza kulisha farasi mmoja wa kulima, na mwingine wa gari, na wa tatu wa kupanda. Alitaka mmoja wa kufanya yote. Toka Jumatatu mnyama alivuta jembe na kuchukua viazi sokoni. Jumapili alifungwa gari akaipeleka jamaa nzima Misa. Na wakati wa baridi, shamba likipumzika, alitiwa tandiko akaruka kuta nyuma ya mbwa wa kuwinda. Na jike alifanya hayo huku akizaa. Mama wa Padri, tuliambiwa, aliweza kujua kwa mlio wa kwato barabarani ni jamaa gani inayochelewa kanisani.

Mnyama wa namna hii hakutengenezwa na wakuu. Alitokana na mahitaji ya maskini, na mara nyingi alikaribia kupotea pamoja nao. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliwaua watu na kuwamaliza wanyama. Mwaka 1917 serikali ilifungua kitabu cha ukoo, na wakaguzi waliwachagua majike 375 na madume 44 tu wa kuandikwa humo. Wasomaji wetu watakifahamu kitabu hicho upesi wakikumbuka kile cha ubatizo katika ofisi ya parokia: jina, baba, mama, mahali, siku. Asiyeandikwa hapotei kwa Mungu, lakini wajukuu wake watapata taabu kuonyesha walikotoka.

Kisha ikaja trakta. Baada ya vita ya pili ya dunia wakulima hawakuwa tena na haja ya kukokotewa jembe, na farasi wengi walipakiwa merini kwenda kuchinjwa Ubelgiji na Ufaransa, ambako watu hula nyama yao. Padri alisimulia hayo polepole. Alipokuwa mtoto aliona jike la baba yake likiondoka barabarani nyuma ya mchuuzi, na baba yake hakutoka nyumbani siku ile mpaka giza.

Kilichomwokoa Mkokotaji ni mchezo. Wafugaji walikuwa wamejua zamani ya kuwa jike huyu akipandishwa na dume wa mbio, yule mwepesi mwenye damu moto, huzaliwa mtoto mwenye mifupa na akili ya mama pamoja na pumzi na mbio za baba. Mtoto huyo ndiye aliyewafurahisha wapandaji wa dunia nzima. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki ya Roma, Mwitalia Piero D'Inzeo alipata medali ya fedha katika kuruka juu ya The Rock, farasi wa kijivu aliyezaliwa Ayalandi. Mwaka 2000 huko Sydney, Mwamerika David O'Connor alipata dhahabu juu ya Custom Made, naye mzaliwa wa Ayalandi, katika mashindano yale magumu yenye sehemu tatu: utii uwanjani, mbio za porini juu ya magogo na mitaro, kisha kuruka vizuizi. Katika mashindano hayo ya sehemu tatu kitabu cha farasi wa michezo wa Ayalandi kimeshika nafasi ya kwanza duniani miaka mingi. Hata Mkokotaji safi ameacha jina: dume King of Diamonds, aliyezaliwa mwaka 1962, ni baba na babu wa warukaji wengi mashuhuri.

Wenyeji nao humpenda mnyonge ashindapo. Bado wamtaja Dundrum, farasi mdogo mwenye kimo cha sentimeta 155 hivi, ambaye husimuliwa kuwa alianza maisha yake akivuta gari la mizigo, na ambaye Tommy Wade alimpanda katika timu iliyoshinda kikombe cha Aga Khan mwaka 1963. Padri alipofika hapo alisahau umri wake, akaturukia kizuizi kwa mkono.

Lakini katika sifa hizi mna mtego, nasi hatukuuona mpaka tulipoketi jikoni kwa mpwa yule. Binti wa jike Mkokotaji na dume wa mbio ni farasi mzuri wa kuuza, ila si Mkokotaji kamili. Ili kupata Mkokotaji mwingine, shurti jike apelekwe kwa dume wa ukoo wake. Hubeba mimba miezi kumi na moja, huzaa mmoja tu, na miaka yake ya kuzaa haizidi kiasi. Basi kila mimba itolewayo kwa ajili ya soko ni mimba iliyotolewa katika ukoo. Kadiri dunia inavyomsifu mjukuu, ndivyo bibi anavyopungua.

Tena tangu miaka ya 1990 wafugaji wengi walianza kutumia mbegu za madume ya Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa, kwa kuwa warukaji wa huko walikuwa wakishinda. Mbegu hiyo huletwa katika chombo cha baridi. Daktari wa wanyama humtia jike, na dume hajapata hata kuiona Ayalandi. Wengine wafurahia, na vikombe wamepata, hatuwezi kukana. Wengine wamejiunga pamoja ili kumtetea farasi wa asili, yaani mwenye damu ya Mkokotaji, ya farasi wa mbio na ya farasi mdogo wa Connemara tu. Wamepata hata alama yake katika vitabu, ili mnunuzi ajue anunuacho.

Jike yule mweupe alikuwa na miaka 14. Alikuwa amezaa mara tano, wote machotara, wote wamekwisha kuuzwa. Mnunuzi mmoja alikuwa ameahidi bei nzuri kwa mtoto wa sita, kama baba yake angekuwa dume fulani wa Ujerumani. Mtoto wa Mkokotaji safi angepata karibu nusu ya bei ile. Na majani ya wanyama, kwa sababu ya jua, yalikuwa yakinunuliwa kwa bei ya chakula cha watu.

«Mjomba Padri,» mpwa akasema, «ninyi mwapenda historia. Mimi napenda historia pia, lakini haili majani? Yala.»

Mke wake, ambaye ndiye mshika hesabu, alifungua daftari akatuonyesha mistari bila maneno. Padri akatutafsiria kwa Kiswahili, kisha akatuuliza twaonaje. Tulijibu kwamba sisi hatujui farasi, ila kwetu mama hutenga maharagwe ya mbegu katika chungu na kukifunika, na mwaka wa njaa watoto hukitazama kile chungu kila jioni, na mama naye hukitazama. Tumewaona waliokifungua. Hatukuwahukumu, nasi wenyewe tumekula katika chungu hicho. Padri alipotafsiri, mke yule alifunga daftari. Hakusema neno, akatuongeza viazi.

Hatukuona mwisho wa shauri. Tulirudi kwetu, kazi ya shule ikatushika. Mwezi wa Mei 2020, wakati makanisa yalipokuwa yamefungwa kwa ajili ya korona huku na huko, tulipata barua ya Padri. Aliandika kwamba mwaka uliotangulia jike alipelekwa kwa dume Mkokotaji katika kijiji cha tatu, na yule mnunuzi alikasirika. Juma la Pasaka alizaa usiku, mpwa na mkewe wakiwa na taa bandani. Mtoto ni mzima, mweusi kwa sasa. Huenda atageuka mweupe kama mama yake miaka ikipita. Ila ni dume, na madume wachache tu hukubaliwa na wakaguzi kuendeleza ukoo.

«Tungepata jike,» mke alisema, akaenda kuchota maji ya kumpa mzazi. Jina la mtoto limekwisha kupelekwa kuandikwa kitabuni, na mama yake, Mungu akimjalia nguvu, atapelekwa tena kijiji kile cha tatu.