Mpaka Shela Akue

Mwalimu wetu wa Agano la Kale hapa Iringa aliuliza: katika Mwanzo 38, kosa la Yuda ni lipi? Karibu darasa zima likajibu zinaa. Mimi nilisema ni uongo aliomwambia mjane.

Tamari alifiwa na waume wawili, wote wana wa Yuda. Kwa desturi yao, mdogo mtu, Shela, ndiye aliyefuata. Yuda akamrudisha mkwewe kwao asubiri kijana akue. Kijana akakua, hakuna aliyemfuata. Ndipo Tamari akajifunika uso, akaketi njiani, na baba mkwe akamwendea akidhani ni kahaba.

Kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, bibi zetu hushtuka hapo. Katika mila ya Kinyakyusa mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Akimwona njiani hupisha, hujificha. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, alihusisha mwiko huu na desturi ya vijana kujenga vijiji vyao mbali na vya baba zao. Kwa hiyo bibi yangu hamwoni Tamari kuwa mwanamke wa hila. Anamwona mtu aliyesukumwa mpaka akafanya jambo ambalo mkwe hafanyi.

Yuda anapoonyeshwa muhuri na fimbo yake, hajitetei. Anakiri kwamba haki iko kwa Tamari, na sababu anayoitaja ni moja: hakumpa Shela. Zinaa haigusi. Kiebrania chake kinaweza kusomwa kwamba Tamari ana haki kumzidi, au kwamba Tamari ana haki na yeye hana. Nashika la pili. Ni lugha ya kesi.

Mama yangu mdogo alifiwa miaka sita iliyopita. Upande wa mume ukamwambia arudi kwa wazazi apumzike, habari ya shamba la chai itazungumzwa msiba ukishapoa. Hawakumfukuza, na ndiyo maana ni vigumu kuwashtaki. Tofauti na Tamari, yeye hataki shemeji, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamwacha huru kuishi anakotaka na kuolewa na amtakaye. Anataka shamba.

Mwezi uliopita nilimsimulia kisa hiki kwa simu. Kuhusu Shela hakuuliza kitu.

“Mwanangu, ule muhuri aliudai kabla au baada?”

Kabla, nikamwambia.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema karatasi ya kikao cha ukoo, yenye sahihi ya shemeji yake, bado anayo.