Nani Atabeba Ndoo?

Ukitajwa ujenzi wa kijamii, wengi hufikiria jengo la kupigia picha: darasa jipya, zahanati, ukumbi wenye bati linalong'aa. Mimi niliyekulia kwenye migomba ya Karagwe, mkoani Kagera, usanifu unaonikaa moyoni ni wa choo. Cheka kwanza, kisha tuendelee.

Shirika la wakulima la MAVUNO, likishirikiana na wahandisi wa kujitolea kutoka Berlin, lilijaribu Karagwe choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi hupashwa moto kwenye tanuri la udongo mpaka vijidudu vife, kisha huchanganywa na mkaa, majivu na mabaki ya jikoni, mchanganyiko ukaachwa uoze uwe mboji. Katika majaribio ya mwaka 2014, shamba lisilotiwa chochote lilitoa takriban tani 1.1 za mahindi kwa hekta. Lililotiwa mboji hiyo lilitoa tani 4.7.

Ninachokipenda ni kwamba wabunifu walianzia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Kwa Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, nyumba na kibanja havitengani. Maganda ya ndizi, majivu na samadi vyote huishia chini ya migomba. Hata msonge wa zamani ulikuwa wa miti na nyasi za hapo hapo, na ukivuja, jirani alijua pa kuuziba. Matofali ya kufungamana yana busara hiyohiyo: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na hayachomwi. Tanuru la matofali ya kuchoma linakula miti, na vilima vyetu vilivyobaki vitupu vinaonyesha hivyo.

Lakini choo kile kikavu kina kazi. Lazima mtu abebe ndoo, awashe moto, ageuze mboji. Asipopatikana, mradi umekufa hata kama ramani ilikuwa nzuri kiasi gani. Mara nyingi mtu huyo ni mama au mwanafunzi, na siku ya kupanga ramani hakuwepo.

Tangu nilipolielewa hilo, nikiombwa mchango wa jengo lolote, huuliza kwanza nani atashika ufunguo na ufagio. Baadhi ya wenzangu wameanza kuniona msumbufu. Sawa tu.

Enyi wajumbe wa kamati za ujenzi, Karagwe na Kyerwa: mwiteni kikaoni atakayekisafisha choo, tena kabla fundi hajapima msingi.