Bourbon ya kaka na komoni ya mama

Basi bwana, mwaka 2019 nilikwenda Louisville, Kentucky, kumwona kaka yangu. Jioni ya kwanza tu akatoa chupa ya Wild Turkey 101, kaishika kama yai.

"Onja, dogo. Usigugumie kama bia."

Nikanusa kwanza: vanila, sukari iliyoungua, mbao. Funda la kwanza likanitoa machozi. Si mchezo, kilevi asilimia 50.5! Nikatia matone ya maji. Hapo moto ukapoa, utamu ukajitokeza, kipilipili kikabaki ulimini.

Kaka akaanza somo. Kwa sheria ya Marekani, angalau asilimia 51 ya nafaka ya bourbon lazima iwe mahindi, na hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Rangi yote inatoka kwenye pipa.

Mahindi! Nikacheka. Mama alitusomesha kwa komoni ya mahindi kule Mbeya. Kaka huyuhuyu alikuwa akitoka shule anapita njia ya nyuma, wenzake wasijue kuwa muuza pombe yule ni mama yake. Hata mazikoni hakuja. Nikamkumbusha.

Akakodolea glasi macho, kimya.

"Dogo," akasema mwishowe, "pombe ya mahindi naitolea dola. Ile ya mama niliionea haya."

Tukamaliza glasi bila maneno.

Mkiniuliza, chupa ile naipa nane juu ya kumi. Mbili zilizobaki ni za mama.