Mkweche wa Baba Unalipa Kodi Mabibo

Kuna watu mjini hapa wakisikia neno gari wanawaza Toyota IST tu. Siwalaumu. Inakula mafuta kidogo, spea zake zimejaa Kariakoo, na ikizingua hata kijana wa kijiweni anaifungua. Lakini leo msomaji wangu naomba nikuchukue mpaka Mabibo, uwani kwa mama yangu, nikuonyeshe kitu kilichonigombanisha na ukoo mzima kwa karibu miaka miwili. Peugeot 404!

Kama umezaliwa juzi hebu nikupe picha. 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Waitaliano wa Pininfarina. Nyuma ina mapezi kama samaki. Gia hazipo chini, ziko kwenye usukani. Injini yake ya sisi 1618 imelazwa upande kama mtu aliyejinyoosha kwenye mkeka. Betri ikifa, unachukua hendeli unaichomeka mbele, unazungusha, safari inaendelea.

Wamarekani wanajisifia magari yao ya misuli, Pontiac GTO na Ford Mustang za mwaka 1964, injini kubwa, lami imenyooka, mguu chini. Sisi lami ya hivyo tungeitoa wapi? Misuli ya huku kwetu ilipimwa kwenye tope. Yalipoanza mashindano ya Safari mwaka 1953, magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, tena wakati wa mvua. Mwaka 1963 na 1968 njia zilichafuka mpaka magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mara zote mbili aliyeshinda, Nick Nowicki wa Kenya, alikuwa ndani ya 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Dar es Salaam, na Chris Rothwell pembeni yake. Gari? 404 tena! Kwa hiyo mtu akiniambia nimejaza uwanja kwa mkweche, namjibu kwa adabu kwamba ajifunze historia.

Marehemu baba alilinunua la kwetu mwaka 1986 kwenye mnada wa shirika moja la umma. Enzi hizo mtu mwenye gari mtaani alijulikana kama mwenye kisima. Mgonjwa akizidiwa usiku, watu wanagonga dirisha la baba. Mjamzito akishikwa na uchungu, wanagonga dirisha la baba. Kuna dada mmoja, sasa ni mama wa watoto wawili, alizaliwa kwenye kiti cha nyuma kabla hawajafika Muhimbili. Mpaka leo akipita uwani analipigapiga bodi, anasema "shikamoo wodi".

Baba alifariki mwaka 2009. Gari lilikuwa limeshasimama miaka mitano, chini ya mwarobaini, matairi yamekaa chini, kuku wanatagia ndani.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Mama alitaka uwanja wake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: pale liliposimama gari panaingia vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja elfu sitini kwa mwezi. Na msije mkamwona mama ana roho mbaya. Ana presha na sukari, na dawa hazijui kwamba wewe unampenda marehemu mumeo. Siku moja nikamkuta na jamaa wa vyuma chakavu, mizani iko begani, anachungulia rejeta maana ni ya shaba. Dau lake laki saba.

"Mama, nipe mpaka masika," nikamwomba.

"Masika ya mwaka gani, mwanangu?"

Nikanyamaza. Mama akalitazama gari, akanitazama na mimi, akatoa hukumu ambayo sijaisikia mahakama yoyote:

"Haya. Kuanzia leo hilo gari ni mpangaji. Vyumba viwili, laki na ishirini kwa mwezi, utalilipia wewe. Likishindwa miezi mitatu, natoa vyombo nje."

Ndugu zangu walicheka wakakaa chini. Mimi sikucheka, maana mshahara wangu wa kuuza vifaa vya umeme Kariakoo naujua mwenyewe. Mwisho wa mwezi nikapeleka laki na ishirini. Mama akahesabu, akafunga kwenye kanga, akaniandikia risiti kwenye daftari la shule. Jina la mpangaji: Pijo.

Kazi yenyewe sasa. Nilimpata mzee mmoja fundi wa Manzese, sisi wote tunamwita Mjomba, aliyeshika Peugeot tangu ujana wake. Siku ya kwanza hakugusa spana. Alilala chini akagonga sakafu ya gari kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, anasikiliza. Palipolia "ti!" akaacha. Palipolia "pfu" akachora kwa chaki. Alipotoka chini ya gari, chaki ilikuwa imekwisha. Kutu ilikuwa imekula sakafu yote ya upande wa dereva. Tukakata, tukachomelea bati jipya, tukapiga rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufikiria uzuri wowote. Vijana wengi wanakimbilia rangi ya juu kwanza. Mjomba anasema huko ni kumvalisha suti mtu mwenye jipu.

Injini ndiyo ilileta mabishano. Pistoni zilikuwa zimeganda. Tukamimina dizeli kwenye silinda, tukasubiri wiki nzima, ikazunguka, lakini bloku lilikuwa limeshakwisha. Hapo kila mtu mtaani akawa mhandisi. "Dogo, tia injini ya Toyota, usiumize kichwa!" Na ni kweli inawezekana, mikweche mingi ya mjini hapa ina moyo wa Toyota. Lakini ukitia injini ya Toyota unakata vishikio vya injini, unabadili giaboksi, unatoboa kwa ajili ya gia ya chini, na ule usukani wenye gia, ambao mkono wa baba uliulainisha, unabaki pambo.

Mjomba akaniambia neno moja tu: "Tafuta ndugu yake." Ndugu yake ni 504, iliyoanza mwaka 1968. Injini zake za petroli za silinda nne ni ukoo ule ule wa 404, nazo zimelazwa upande vile vile. Tena Kenya waliendelea kuunganisha 504 muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha, kwa hiyo spea kutoka Nairobi bado zinapatikana ukiwa na subira. Nikapata injini ya sisi 1971 kutoka pikapu iliyopinduka, kwenye gereji moja Tabata, kwa laki tisa. Ikaingia bila kuuchinja mwili wa gari. Nguvu ikaongezeka, gia zikabaki kwenye usukani.

Mengine tuliyoboresha ni ya usalama. Platini tukatoa, tukaweka mfumo wa umeme wa kisasa wa kuwasha plagi, sasa linawaka hata asubuhi ya mvua. Dinamo tukaweka altaneta. Mbele tukatoa breki za ngoma tukafunga diski za 504, baada ya mchongaji kututengenezea vipande vya kuunganishia. Barabara ya Mandela ya leo ina malori na bodaboda zinazochomoka popote, breki za mwaka 1960 huko ni kutafutana ubaya. Mikanda ya usalama tukaweka mipya. Viti tukashona upya, ila kile cha nyuma nikakataa kisibadilishwe kitambaa. Wodi ile ina historia.

Miezi kumi na tisa ikapita. Gari limenila milioni tano. Kodi kwa mama milioni mbili, laki mbili na elfu themanini, risiti zote ninazo.

Ikabaki karatasi. Kadi ilikuwa na jina la marehemu, na gari la marehemu halihamishiki kwa maneno. Mama ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, bila sahihi yake TRA hawakusikilizi. Angeweza kukataa akauza, na milioni zangu tano zikaondoka na mnunuzi. Akasaini. Nikamshukuru, akanijibu: "Nimesaini kwa sababu linalipa. Baba yako mbona alikuwa halilipii?"

Sasa linakodiwa kwenye harusi. Mara ya kwanza lilimpeleka bibi harusi Kimara kwa laki mbili na nusu, mapezi yamefungwa riboni. Mwezi mzuri linapata harusi mbili, mwezi mbaya halipati kitu, na kodi natoa mfukoni. Na zile hela za kwenye kanga? Mama amebomoa banda la kuku upande wa pili, chumba kimoja kimeshafika lenta.

Kijana mwenzangu, kama kwenu kuna mkweche wa mzee na unataka kuufufua, piga nyundo kwenye sakafu kabla ya kununua rangi, nunua breki kabla ya redio, na shughulikia mirathi kabla ya injini. Halafu muulize mwenye uwanja anakosa nini kila mwezi gari likiwa limesimama pale. Kumbukumbu za baba ni za kwetu sote, lakini nyumbani kwetu aliyekuwa anazilipia peke yake ni mama.